Hapana, Hakuna, Hamna

Saa kumi na moja alfajiri, Mwaloni Kirumba,
mzani wa kidijiti ulitema risiti ya kwanza:
Nyanjura Mugeta, dagaa, kilo mia mbili na kumi,
bei kwa kilo, sifuri,
jumla, sifuri,
asante, karibu tena.

Ile asante niliiandika mimi.

Magunia saba alivuka nayo kutoka Ukerewe.
Hakupiga kelele. Aliigeuza risiti,
akatazama mgongoni mwake, labda bei imelala huko,
kisha akamuuliza karani:
"Bei hakuna, au humu ndani ndiyo hamna?"

Karani akanipigia. Nilikuwa Nyakato, kitandani,
mbu mmoja ndani ya chandarua
na swali hilo nje yake.

Nieleze. Kila programu yetu inapoamka
huyauliza mazingira: BEI_YA_KILO ni ngapi?
Mazingira ni majina na thamani
alizobandika mtu ukutani kabla yenyewe haijafumbua jicho.
Usiku ule umeme ulikatika. Kijana wa zamu
akaiwasha seva upya, hakuambiwa lipo faili
la kusomwa kwanza. Ukuta ukabaki mweupe.
Kitendakazi cha maktaba sanifu kikaenda, kikarudi,
kikasema walichokubaliana watungaji wake kiseme:
si kosa, si ukelele,
utupu tu, mikono nyuma.
Na chini yake Luhende aliandika, mwaka juzi:
ukipata utupu, weka sifuri, endelea.

Endelea!
Nami ndiye niliyeipitia kazi yake
nikaandika pembeni: safi.

Bibi yangu kule Bwiru angenichapa kwa hilo.
Ukitumwa ziwani ukarudi na ndoo kavu,
sema hamna.
Ukirudi mikono mitupu, ndoo imekwenda na wimbi,
usithubutu kusema hamna; sema ndoo hakuna,
na ujiandae.
Na ukiulizwa, ulichota pale penye magugu?
kuna hapana ya tatu, ya mahali, ya kidole kilichonyooshwa.
Lugha imenipa matatu haya bure, tangu utotoni,
nami nimekaa mezani mwa maktaba
inayoyafunga yote kwenye kifuko kimoja,
nikadhani ni uungwana.

Zipo maktaba nyingine. Ipo inayorudisha jibu na shahidi:
hili hapa, na ndiyo, lilikuwepo.
Ipo inayoanguka mlangoni, puu, isipolikuta jina,
tukaiita korofi.
Hata kuweka kuna miiko yake: mpe jina tupu,
au jina lenye alama ya sawasawa tumboni,
atakataa, atakurudishia namba ya kosa,
na nani kati yetu huisoma ile namba?
Tunaita, tunapita,
kama anayebisha hodi huku anatembea.

Kufikia saa moja nilikuwa nimerekebisha.
Sasa jina lisipowekwa, mzani haufunguki,
unasema: BEI_YA_KILO haijawekwa. Sipimi.
Jina likiwepo bila kitu ndani, unasema neno jingine.
Luhende alisoma, akakuna shingo,
akasema wanunuzi watalalamika.

Walilalamika. Alhamisi umeme ulikatika tena,
foleni ikafika kwenye vichanja,
dakika arobaini mzani umenuna.
Nyanjura alikaa juu ya gunia lake akimenya chungwa,
ganda moja refu, bila kulikata.
Nilikwenda kumwomba radhi ya siku ile.
Bei karani alishaiandika kwa kalamu, juu ya sifuri,
akalipwa; risiti bado anayo,
amefungia chumvi.
"Leo imesema haijui," aliniambia. "Haya. Nasubiri."

Jioni kijana wa zamu akabandika bei mwenyewe, kwa uangalifu,
kwa herufi: elfu nne na mia tano.

Hiyo sikuwa nimeifikiria.